Andika Jina, Andika na Aliyekutajia

Katika koo nyingi za Njombe, mtu anayejua majina ya wake wote wa babu mzaa babu amebaki mmoja tu. Aghalabu ni mwanamke, amevuka miaka 80, anaishi kijijini, na simu yake ni kitochi cha kupokelea salamu na pesa ya sabuni. Wajukuu wake walioko Makambako, Mbeya, Dar es Salaam na ughaibuni ndio wenye simu janja, bando na hamu ya kuona ukoo mzima umechorwa kwenye kioo. Pande hizi mbili zisipokutana, mti wa ukoo unaojengwa mtandaoni huwa na matawi mengi juu na shina la kubahatisha.

Hamu hiyo nimeiona ikikua, hasa tangu magurupu ya WhatsApp ya koo yalipoacha kuwa ya michango ya misiba na harusi peke yake. Ni hamu njema, ila ina haraka. Kijana anafungua akaunti usiku, anajaza majina anayoyakumbuka, anatuma kiungo kwenye gurupu, na kesho yake shangazi wawili hawasemezani kwa sababu mtoto fulani ameandikwa chini ya mama asiye wake. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: kila jina utakaloliandika, andika na aliyekutajia, na siku aliyokutajia. Ukishika hilo, makosa mengine yote yatarekebishika.

Anza na kauntabuku. Mpe kila mtu namba yake, na kila mke wa babu mpe ukurasa wake, kwa sababu katika familia za wake wengi hesabu huenda kwa nyumba. Mlango wa mke mkubwa, mlango wa mke wa pili, na kadhalika. Mtu akisema "sisi tulizaliwa kumi na mmoja" muulize ni kumi na mmoja wa mama mmoja au wa baba mmoja. Akisema "baba alinisomesha", muulize ni baba aliyemzaa, au baba mkubwa, au baba mdogo. Kwetu wote ni baba, na ndivyo inavyopasa kuwa, lakini programu ya mtandaoni inataka kujua nani alimzaa nani, na wewe ndiye utakayejibu.

Kwa mzee nenda kama mjukuu, usiende kama karani wa sensa. Salamu ya kamwene iitikiwe, sukari itolewe, habari za mahindi na viazi ziulizwe kwanza. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, wazee wa kiume huzungumza kwa urefu. Mabibi nimewaona wakifunguka zaidi jikoni, wakichambua mboga, kuliko sebuleni mbele ya watoto wao wa kiume. Omba ruhusa ya kurekodi sauti, na ukikubaliwa, acha simu irekodi huku wewe ukisikiliza. Mwache azungumze Kibena, Kikinga au Kipangwa kama ndiyo lugha inayomjia. Majina ya sifa ya ukoo, mwiko wa chakula, na jina la kijiji cha zamani hayatoki vizuri kwa Kiswahili cha kumridhisha mgeni. Faili la sauti lipe jina la msemaji na tarehe siku hiyohiyo, kwani baada ya miezi michache hutakumbuka sauti ile ilikuwa ya nani.

Waulize wanawake habari za wanawake. Ukoo wa Kibena huhesabiwa upande wa baba, na ukiwaacha wazee wa kiume peke yao watakupa safu ndefu ya wanaume wanaozaana wao kwa wao. Mama wa babu alitoka ukoo gani? Baba yake aliitwa nani, aliishi wapi, mahari yake ilikuwa nini? Kizazi kimoja tu kikipita bila kuulizwa, nusu ya ukoo inafutika. Uliza pia watoto waliokufa wachanga. Akina mama hawasahau, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza.

Tarehe ni shida kubwa ya wazee wetu, na si kosa lao. Usimuulize bibi alizaliwa mwaka gani. Muulize alikuwa na ukubwa gani jambo fulani lilipotokea. Kwa Njombe na Makambako matukio ya kupimia yapo ya kutosha. Vita vya Maji Maji vilifika Ubena mwaka 1905, na misheni ya Walutheri ya Yakobi ikashambuliwa. Oktoba 1918 jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck lilipita Njombe likikimbilia Rhodesia ya Kaskazini. Kampuni ya miwati ilianza kupanda miti yake Njombe mwaka 1949. Kisha uhuru, 1961. Wachina walijenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, na Makambako, iliyokuwa kituo kidogo cha njiani, ikawa mji. Operesheni ya vijiji ikafuata kati ya 1973 na 1976, kisha vita vya Kagera 1978 na 1979, na lami ya kwenda Songea miaka ya 1980. Bibi akisema alikuwa ameshavunja ungo Wachina walipofika, umepata kadirio zuri. Mtandaoni andika "kama 1957" na ueleze kipimo ulichotumia. Usiandike 1 Januari 1957 kwa sababu tu kisanduku kinadai tarehe kamili. Tarehe ya kubuni ikishaingia, mwingine atainakili, na baada ya miaka kumi itakuwa ukweli wa ukoo.

Mahali nako kuna mtego wake. Mtu aliyezaliwa Ilembula mwaka 1975 alizaliwa wilaya ya Njombe, mkoa wa Iringa, na ndivyo cheti chake kinavyosema. Leo Ilembula iko wilaya ya Wanging'ombe, mkoa wa Njombe, mkoa uliozaliwa mwaka 2012. Andika jina la wakati ule, na kwenye maelezo weka la sasa. La sivyo utakuta mtu mmoja amekuwa wawili: wa Iringa na wa Njombe.

Ukiendelea kuuliza, utafika mahali simulizi linapokatika. Mara nyingi kuna sababu, na ukiijua utajua pa kutafuta. Kwa watu wa nyanda hizi, sababu kubwa moja ni mkonge. Enzi za ukoloni wanaume wa Njombe walichukuliwa kwa wingi kama manamba kwenda mashamba ya Tanga na Morogoro, na kuanzia 1944 ilikuwapo ofisi maalumu ya waajiri, SILABU, ya kuwaandikisha na kuwasafirisha. Wengi walirudi. Wengine waliishia hukohuko: wakaoa Muheza au Korogwe, baadhi wakasilimu na kuchukua majina mapya, watoto wao wakakua wakijua tu kwamba "baba alitoka Njombe". Ukimtafuta ndugu wa namna hiyo kwenye Facebook kwa jina la ukoo, huenda usimpate kamwe. Tafuta kwa jina la kijiji na jina la utani la babu, na uliza wazee wa mashamba ya zamani ya mkonge. Kuna pia Wabena walioshuka bonde la Kilombero vizazi vingi nyuma. Habari zao zimo katika kitabu cha Culwick na mkewe, Ubena of the Rivers, kilichotoka mwaka 1935 kwa msaada wa Mtema Towegale Kiwanga. Mtu wa Njombe aliyeambiwa kwamba sehemu ya ukoo "ilishuka mtoni" aanze hapo.

Sababu ya pili ni kuhamishiwa vijijini. Familia zilihama, makaburi yakabaki kwenye mahame. Mengi ya mahame hayo sasa ni mashamba ya miti ya mbao au parachichi, na ardhi ikishauzwa kwa mtu wa mbali, kaburi lisilo na saruji halidumu. Kwa hiyo hili ningelifanya kabla hata ya kugusa mtandao: nenda na mzee anayejua, akuonyeshe, piga picha, chukua lokesheni kwa simu, andika nani kalala wapi na nani amesema hivyo. Majina yanaweza kusubiri mwaka mmoja. Kaburi lililo katikati ya shamba la mtu halisubiri.

Sababu ya tatu lazima niiseme kwa upole, lakini niiseme. Njombe imeongoza kwa maambukizi ya VVU nchini kwa zaidi ya miaka kumi. Utafiti wa kitaifa wa 2011 na 2012 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima, na ule wa 2022 na 2023 asilimia 12.7. Nyuma ya namba hizo kuna kizazi kizima cha akina baba na mama kilichoondoka mapema, na watoto waliolelewa na mabibi. Ndiyo maana kamba ya simulizi kati ya babu na mjukuu imekatika katikati, na ndiyo maana wewe mwenye miaka 30 unalazimika kumuuliza bibi mambo ambayo baba yako angekusimulia. Sasa, programu nyingi zina kisanduku cha sababu ya kifo. Kiache wazi. Ukiandika mama alikufa kwa nini, umesema jambo juu ya watoto wake walio hai, ambao hawakukuruhusu. Na mtoto aliyelelewa akijua shangazi ndiye mama, asijue ukweli wake kwa kufungua kiungo kwenye basi. Familia ikae naye kwanza, aambiwe na watu wazima wanaompenda, ndipo iandikwe, na iandikwe kama yeye atakavyoridhia.

Baada ya midomo, maandishi. Hazina kubwa kwa watu wetu iko kanisani. Wamisionari wa Berlin walifungua vituo Ubena mwishoni mwa karne ya 19, Kidugala na Lupembe vikiwa miongoni mwa vya mwanzo, na Wakatoliki wana Uwemba na parokia zake. Vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa hutaja wazazi, wasimamizi na kijiji, na mara nyingine ndiyo maandishi ya kwanza kabisa kuwahi kumtaja mtu wa ukoo wako. Nenda kwa mchungaji au paroko na barua ya utambulisho, eleza unatafuta nani na kwa nini, na ukubali ukiambiwa usipige picha ukurasa mzima, kwa kuwa una majina ya familia nyingine. Kumbuka mwandiko wa wakati ule. Mjerumani aliandika j palipo na y, kwa hiyo Yakobi ni Jakobi, na chifu Mbeyela anaweza kusomeka Mbejela. Kibena chenyewe mara nyingi husema v pale Kiswahili kinaposema w. Jina moja litafute kwa sura zake zote kabla hujasema halipo. Na ukikuta Yohana mmoja aliyebatizwa akiwa mtu mzima, uliza nyumbani jina lake la awali lilikuwa lipi. Ndilo wazee wanalolijua.

Wapo watakaodhani kwamba historia ya familia za kawaida haina uzito wa kuandikwa. Mwanahistoria James Giblin, akisaidiana na Blandina Kaduma Giblin, alizunguka Njombe akisikiliza familia, na mwaka 2005 kikatoka kitabu chake A History of the Excluded, kinachoonyesha jinsi watu wa huku walivyoufanya undugu kuwa kimbilio lao mbele ya dola katika karne ya 20. Kiini chake ni mazungumzo ya nyumbani, ya aina ileile ambayo wewe unaweza kuyarekodi Jumapili hii.

Ndipo mtandao. Huduma ni nyingi, na tofauti iliyo muhimu ni moja: mti wenu peke yenu, au mti mmoja wa dunia nzima. FamilySearch, inayomilikiwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ni bure na ina kumbukumbu nyingi. Lakini marehemu wakishaingia humo, mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kubadilisha habari zao. Mjue pia kwamba waumini wa kanisa hilo hubatiza kwa niaba ya waliokufa, na kumbukumbu hizo zinahusiana na ibada hiyo. Familia ya Kilutheri au Kikatoliki iambiwe mapema, iamue yenyewe. WikiTree nayo ni bure na ni mti wa pamoja. Geni nayo ni mti wa pamoja, ingawa tangu 2012 ni ya kampuni moja na MyHeritage. MyHeritage yenyewe hukupa mti wa familia yako, ila ukiwa mkubwa utaombwa kulipia. Kwa aliye na kompyuta, Gramps ni programu ya bure inayokaa kwenye mashine yako, haihitaji bando kila unapoifungua.

Rai yangu kwa ukoo wa kawaida wa huku: mti wa faragha unaoonekana na ndugu walioalikwa tu, wakabidhiwe watu wawili au watatu ruhusa ya kuhariri, na wengine wote wawe wasomaji na wachangiaji. Najua atakayesema huko ni kubana. Lakini gurupu lenye watu 150 wote wakiwa wahariri huzaa babu watatu wenye jina moja ndani ya wiki. Jina la ukoo pekee halimtambulishi mtu. Sanga na Mgaya ni maelfu, na si wote ni ndugu wa karibu. Wahariri watoke milango tofauti, na mmoja awe mwanamke aliyeolewa nje ya ukoo, kwa sababu yeye hujua pande mbili.

Kuhusu walio hai, weka sheria kabla ya kutuma kiungo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, imeweka ridhaa mbele, na taarifa za afya na za watoto zimepewa ulinzi wa pekee. Hata bila sheria, busara inatosha. Kwa aliye hai andika jina na mlango wake, basi. Tarehe kamili ya kuzaliwa, namba ya simu, namba ya NIDA, picha za watoto wakiwa na sare za shule, visiingie. Matapeli wa simu wanaoandika "ile hela tuma kwenye namba hii" wanahitaji jina moja la ndugu ili waaminike. Mti ulio wazi unawapa ukoo mzima: shangazi ni nani, mjomba yuko wapi, nani anasoma chuo. Watoto waliozaliwa nje ya ndoa waandikwe kama wanavyojitambua wao na mama zao. Palipo na ubishi juu yao, acha pengo kwenye mti, uandike kwenye daftari.

Na ubishi wa mambo mengine utakuwapo. Baba mdogo atasema babu alitoka Mdandu, shangazi atasema alitoka Lupembe. Usipige kura kwenye gurupu. Weka yote mawili, kila moja na msemaji wake, mpaka ushahidi upatikane, na huenda wote wana haki: alizaliwa kwingine, akahamia kwingine. Ugomvi unapokuwa juu ya shamba au mirathi, mti usitumike kabisa. Mahakama ya Mwanzo itauliza muhtasari wa kikao cha ukoo na vyeti kutoka RITA, haitauliza mchoro wa mtandaoni, na mzee akianza kushuku kwamba maswali yako ni ya ardhi, hatakujibu tena, wala hatamwacha mwenzake akujibu.

Toleo la karatasi ni la lazima. Ndugu wengi wakirudi Desemba, nenda steshenari ya Njombe au Makambako, chapisha mti kwa herufi kubwa, karatasi ziungwe kwa gundi, zibandikwe ukutani siku ya mkusanyiko. Mtu mmoja asome kwa sauti kwa wasioona vizuri. Wape watu kalamu. Sahihisho la asubuhi moja mbele ya karatasi hushinda miezi ya jumbe kwenye gurupu, kwa sababu wazee wakiwa pamoja hukumbushana, na mmoja akikosea mwenzake humrekebisha hapohapo bila kumuaibisha. Hapo pia vijana hugundua kwamba yule wanayemtania shuleni Makambako ni mtoto wa binamu wa baba, jambo jema kulijua kabla ya uchumba.

La mwisho ni funguo. Akaunti iliyofunguliwa na mtu mmoja, kwa barua pepe yake, kwa neno la siri analolijua peke yake, inakufa naye. Kampuni nazo hufunga. Mwaka 2014 Ancestry ilifunga huduma yake ya MyFamily, na familia zilizokuwa zimeweka humo picha na mazungumzo ya miaka zikatakiwa kuhamisha vitu vyao kabla ya siku iliyopangwa. Huduma nyingi zinakuruhusu kupakua mti kama faili la GEDCOM, linalofunguka kwenye programu nyingine. Pakua mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Krismasi. Faili la GEDCOM kwa kawaida halibebi picha wala sauti, kwa hiyo hizo zihifadhi kando, kwenye flashi mbili. Tuma faili kwa ndugu watatu wa milango mitatu, na mmoja wao awe na umri chini ya miaka 25.